Mizani ya Marikiti: Wastani na Uzani Wake Tangu Zama za Majahazi

Ukishika Barabara ya Digo kwenda Marikiti, pua hufika kabla ya macho. Iliki, karafuu, bizari na pilipili manga vyote hukulaki kwa pamoja, na ukizunguka nyuma ya jengo upande wa Langoni utayakuta maduka ya viungo yamepangana, magunia yamefunguliwa midomo, kila gunia na kijiko chake. Jengo lenyewe ni la mwaka 1914. Waingereza walilipa jina la Mackinnon. Watu wa Mombasa walilichukua neno la Kiingereza la soko, wakalitia irabu zake, likawa Marikiti, na hilo ndilo jina lililobaki midomoni.

Utotoni nilikuwa nikitumwa pale kila Shaabani ikikaribia kwisha, kuchukua bizari ya pilau ya mwezi mzima wa Ramadhani. Mwenye duka alikuwa mzee wa kofia ya viua, na mizani yake ya sahani mbili ilining'inia kwa mnyororo juu ya meza.

"Shikamoo, ami. Mama ataka bizari ya pilau, kilo moja."

"Marahaba. Iliki amesema atia ngapi?"

Sikujua. Alinirudisha nyumbani mikono mitupu. "Nenda kamuulize, mwanangu. Usiponambia iliki ngapi, siwezi kukwambia bei."

Nilipita njia nzima nikinung'unika. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba siku ile mzee yule alinifundisha somo ambalo shuleni lilikuja baadaye, tena nusunusu.

Tuipige hesabu yake kwa bei za kukisia. Tuseme bizari nyembamba ni shilingi 800 kwa kilo, mdalasini 1,000, pilipili manga 1,200, karafuu 2,000 na iliki 4,500. Mwenye haraka atazijumlisha bei hizo tano, apate 9,500, agawe kwa tano, kisha aseme kilo ya mchanganyiko ni shilingi 1,900. Amekosea, na kosa lake ni la mamia ya shilingi. Hakuna mpishi wa Mombasa anayetia iliki sawa na bizari. Mpishi hutia, tuseme, bizari gramu 500, pilipili manga 200, mdalasini 150, karafuu 100 na iliki 50 tu. Kwa hiyo bizari ni ya shilingi 400, pilipili manga 240, mdalasini 150, karafuu 200 na iliki 225. Jumla ni shilingi 1,215. Hiyo ndiyo bei ya kilo moja, na imepungua shilingi 685 kutoka ile ya mwenye haraka. Lakini mama akitaka pilau inukie zaidi, apunguze bizari gramu 50 na kuongeza iliki gramu 50, bei itaruka mpaka 1,400. Uzito ni uleule, viungo ni vilevile, na bei kwenye magunia haijabadilika hata senti. Kilichobadilika ni uzani wa kila kimoja ndani ya kilo.

Hesabu hii ndiyo wastani wenye uzani. Kila thamani huzidishwa kwa uzani wake, majibu yakajumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa uzani wote. Mtoto wa darasa la saba anaiweza. Ugumu wake hauko kwenye kuzidisha. Uko kwenye swali la mzee wa kofia ya viua: ngapi ya kipi? Tena historia ya pwani yetu, ukiitazama kutoka meza ile, ni historia ya watu wakiulizana swali hilo, baharini, kwa sonara, mahakamani na hatimaye serikalini.

Tuanze na mizani yenyewe. Zaidi ya ile ya sahani mbili, wafanyabiashara wa zamani wa pwani walikuwa na kapani, mizani ya mti mrefu iliyopimia mizigo mizito, na neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu. Mzigo huangikwa karibu na kishikio, na jiwe dogo husogezwa mbali kwenye mkono mrefu mpaka mti ulale sawa. Jiwe la ratili chache lililo mbali hulingana na gunia zito lililo karibu. Mahali mti unapotulia ndipo ulipo wastani wa mizigo yote, kila mzigo ukihesabiwa kwa uzito wake na kwa umbali wake. Mgiriki Archimedes aliithibitisha kanuni hiyo karne ya 3 kabla ya Kristo. Mwaka 1121 al-Khazini wa Merv aliandika kitabu kizima juu ya mizani, Kitab Mizan al-Hikma, akaonyesha jinsi ya kujua kiasi cha dhahabu na cha fedha katika kitu kilichochanganywa bila kukivunja. Na Waislamu wa pwani hii tangu kale wamesoma sura ya 83 ya Kurani, al-Mutaffifin, sura iliyobeba jina la wanaopunja vipimo. Mizani kwetu ilikuwa jambo la imani kabla ya kuwa jambo la hesabu.

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wake hawalimi nafaka, huletewa kutoka pwani nyingine, na chakula chao ni ndizi na samaki. Mji unaokula nafaka iliyosafirishwa hauna budi kupima. Ndiyo sababu Kiswahili kina msamiati mpana hivi wa vipimo: vibaba viwili hufanya kisaga, vibaba vinne hufanya pishi, na kwa mizigo ya uzito kuna wakia, ratili na frasila, ambayo ilikuwa kama ratili 35. Maalim anapotufundisha zakatul-fitri mpaka leo, kipimo cha Waarabu kiitwacho saa hukitafsiri kwa pishi. Lakini tazama tofauti. Kibaba na pishi hupima ujazo, frasila hupima uzito, na kibaba cha mtama hakina uzito wa kibaba cha mchele. Aliyechanganya nafaka mbili kwa vibaba na kuziuza kwa ratili ilimbidi ajue uzito wa kibaba cha kila moja, la sivyo angekula hasara mchana kweupe.

Pembe za ndovu nazo ziliuzwa kwa frasila, na hapo bei haikuwa moja. Jino kubwa, zito, lisilo na ufa lilipata bei ya juu kwa kila frasila kuliko kalasha, lile jino dogo. Msafara ulioteremka kutoka bara na shehena mchanganyiko haukuweza kusema "frasila yetu ni bei fulani" mpaka meno yapangwe kwa daraja na kila daraja lipimwe peke yake. Waliokuwa na pupa ya kufunga biashara kwa bei moja ya jumla walikuwa wamemwachia mnunuzi apange uzani.

Sasa twende baharini, maana huko ndiko neno la Wazungu la wastani lilikozaliwa. Sisi neno wastani tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye asili ya wasati, katikati. Wazungu wa Bahari ya Kati nao walilitoa neno lao kwenye Kiarabu pia, lakini kwa njia nyingine: kutoka awar, yaani kasoro au uharibifu wa bidhaa, likawa avaria kwa Waitaliano, likapita Ufaransa, likafika Uingereza. Mwanzoni halikuwa na maana ya katikati. Lilikuwa na maana ya hasara ya shehena, kisha likawa na maana ya namna ya kuigawa hasara hiyo kwa haki.

Sheria yenyewe ni kongwe. Dijesti ya Kaisari Justinian ya mwaka 533 inaitaja kama sheria ya Rhodes: mali ikitoswa baharini ili chombo kiokoke, wote waliookoka huichangia hasara. Mafakihi wa Kiislamu nao waliijadili, kwa kuwa Bahari ya Hindi ina dhoruba zake. Lakini kuchangia vipi? Tufikirie jahazi linaloelekea Bandari ya Kale ya Mombasa na kaskazi, mwezi wa Februari. Chombo kina thamani ya riali 5,000, tende 3,000, nguo 1,500 na chumvi 500. Jumla ni 10,000. Mawimbi yanazidi, nahodha anaamuru pakacha za tende za riali 1,000 zitoswe. Wenye mali ni wanne. Wakigawana hasara sawa kwa sawa, kila mmoja atoe 250, mwenye chumvi atakuwa amepoteza nusu ya mali yake ili kuiokoa nusu nyingine, na mwenye jahazi atakuwa ametoa sehemu ndogo mno. Haki ni kila mmoja atoe fungu la kumi la mali yake: chombo 500, tende 300, nguo 150, chumvi 50. Mwenye tende mwenyewe hasamehewi. Amepoteza 1,000, akarudishiwa 700. Kila mtu ana uzani sawa na alichokuwa nacho hatarini. Wenye meli wa mataifa mbalimbali walikuja kuafikiana juu ya kanuni hiyo mjini York mwaka 1864 na Antwerp mwaka 1877, na meli ya Ever Given iliyokwama Mfereji wa Suez Machi 2021 ilitangaziwa utaratibu huohuo, wenye makontena wakatakiwa kuchangia kulingana na thamani ya mali yao. Meli zinazotia nanga Kilindini leo zinasafiri chini ya sheria hiyohiyo ya pakacha za tende.

Mapato nayo yaligawanywa kwa uzani. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri msimu wa 1938–39 ndani ya chombo cha Kuwait cha nahodha Ali bin Nasr an-Nejdi, wakaja mpaka pwani ya Afrika Mashariki, na kitabu chake kilitoka mwaka 1940. Aliwakuta mabaharia wasio na mshahara: walilipwa kwa mafungu baada ya safari, baharia fungu lake na wakubwa zaidi ya fungu. Wavuvi wetu hufanya vivyo hivyo mpaka leo. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha na mabaharia wana yao. Ukimuuliza mvuvi "wastani wa pato la mtu mmoja ni ngapi?" atakutazama kwa mshangao, na ana haki. Mtu gani? Mwenye nyavu au mtekaji maji?

Ndani ya Mji wa Kale, kwa masonara, hesabu hii iliingia kwa mlango wa Bara Hindi. Mwaka 1150 Bhaskara aliandika kitabu cha hesabu kiitwacho Lilavati, na ndani yake kuna sehemu nzima ya hesabu za dhahabu: vipande vya ubora mbalimbali vikiyeyushwa pamoja, zidisha uzito wa kila kipande kwa ubora wake, jumlisha, gawa kwa uzito wote. Sijui kanuni iliyo safi kuliko hiyo. Bibi akipeleka kwa sonara bangili ya karati 22 yenye gramu 30 na pete za karati 18 zenye gramu 10, akitaka ziyeyushwe mkufu mmoja wa bibi harusi, mkufu utakuwa na karati ngapi? Mtu atakayesema 20 amemdhulumu bibi. Thelathini mara 22 ni 660, kumi mara 18 ni 180, jumla 840, gawa kwa 40, ni karati 21. Karati moja kwenye gramu 40 si kitu cha kudondosha mezani na kufagia. Bangili nzito ndiyo inayouvuta wastani upande wake, kama lile jiwe la kapani.

Mirathi ni mlango mwingine, nitaupita upesi ingawa unastahili makala yake. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 ndicho kilichoipa aljebra jina, aliitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za urithi. Mtu hufa akaacha mume na dada wawili: mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Ukizijumlisha zinapita mali yenyewe, tatu na nne kati ya sita ni saba. Suluhisho linalonasibishwa na Khalifa Umar bin al-Khattab ni kuyafanya mafungu kuwa saba: mume atwae matatu, kila dada mawili. Wote wanapunguziwa, lakini uzani wa kila mmoja mbele ya mwenzake haukuguswa. Kadhi wa Mombasa anayegawa nyumba ya urithi Mji wa Kale yuko ndani ya hesabu hiyo.

Mpaka hapo uzani ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu: tende, dhahabu, iliki. Watu wa Ulaya nao waliuhamisha kutoka vitu kwenda kwenye vipimo. Katika maandishi ya Mwingereza Roger Cotes yaliyochapwa mwaka 1722, baada ya kufa kwake, alishauri kwamba mtu akipima jambo moja mara kadhaa, vipimo vya kuaminika zaidi vipewe uzani mkubwa, na jibu liwe pale ambapo vyote vingelingana kama mizigo kwenye mti wa mizani. Mfano wake ulikuwa wa kitovu cha uzito, sawa na wa kapani. Kisha karne ya 19 Mjerumani Étienne Laspeyres, mwaka 1871, akaipeleka hesabu hiyo sokoni kupima mwendo wa bei: chukua kikapu cha bidhaa kama zilivyonunuliwa mwanzo, kila bidhaa na uzani wake, uone kikapu kilekile leo kingegharimu kiasi gani. Hapo wastani ukapata nguvu mpya, na pia hatari mpya, kwa sababu sasa kikapu kilianza kufungwa na watu wasiokwenda sokoni.

Mombasa iliionja hatari hiyo. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, bandari ikapanuka, vibarua wakamiminika. Rupia ikageuzwa florini mwaka 1920, kisha shilingi mwaka uliofuata. Vita vya Pili vya Dunia vikapandisha bei za kila kitu, na tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, wakakutana kila siku penye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Bandari, reli na mahoteli vikasimama kwa karibu wiki mbili. Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao, na Agosti mwaka huohuo serikali ikamkamata na kumhamishia Baringo. Baraza la Jaji Thacker liliteuliwa kuchunguza mishahara, likawapa baadhi yao nyongeza.

Kiini cha ugomvi ule kilikuwa kibarua wa bandarini. Ujira wa siku ukiutazama peke yake ungeweza kusema si haba. Lakini kibarua hakuitwa kila siku. Akifanya kazi siku 10 katika 30, siku 20 zilizobaki zina uzani wake pia, na uzani huo umezidishwa kwa sifuri. Pato lake la siku, kwa hesabu ya haki, ni theluthi moja ya ujira ulioandikwa. Kodi ya nyumba haikungoja siku za kuitwa, na mtoto hali siku 10 kwa mwezi. Wagomaji wale, ambao wengi hawakupata kukaa darasani, waliielewa hesabu hiyo kuliko waajiri wao.

Leo kikapu cha taifa hufungwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Katika kikapu cha zamani, kilichoegemea Februari 2009, chakula kilikuwa na uzani wa asilimia 36. Katika kikapu kipya, kilichoegemea Februari 2019, chakula kimeshuka hadi karibu asilimia 33, nyumba, maji na umeme karibu 15, usafiri karibu 10. Kila mwezi tunapotangaziwa mfumuko wa bei, tunatangaziwa wastani wenye uzani huo. Siushuku uaminifu wa hesabu zao. Ninachosema ni kwamba uzani ule ni wa taifa zima, wenye magari na wapanda matatu, wanaolipia intaneti na wasio na umeme, na wanaotumia pesa nyingi huvuta kikapu zaidi kwa sababu shilingi zao ni nyingi.

Wazazi nao wameletewa hesabu hiyo sebuleni. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya walifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2025, na nafasi ya sekondari ya juu hupimwa kwa KPSEA ya gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni asilimia 20, na KJSEA asilimia 60. Mtoto mwenye 50, 80 na 70 kwa mpangilio huo hapati 66 na nukta kama babake anavyodhani. Anapata 10 na 16 na 42, yaani 68. Mwenye 70, 80 na 50 anapata 60. Alama ni zilezile tatu, mpangilio ndio uliogeuka, na kuna pengo la alama nane kati yao. Mzazi akijua hilo mapema, anajua pa kumkazania mwanawe.

Na hesabu ya kaunti ndiyo kubwa kuliko zote. Fomula ya kwanza ya kugawa fedha za kaunti ilitoa uzani wa 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa mgao sawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi na 2 kwa nidhamu ya matumizi. Mwaka 2020 Seneti ilipotaka kuubadilisha, maseneta walikaa kikao baada ya kikao bila kukubaliana, kwani kaunti za Pwani na Kaskazini ziliona zingepoteza. Mwafaka ulipopatikana Septemba, uzani wa idadi ya watu ulikuwa umeshuka mpaka 18, na afya, kilimo na barabara zikapewa uzani wake. Nchi nzima ilisimama ikiwaangalia watu wakigombania namba zinazotangulia alama ya kuzidisha. Wengi walisema ni siasa tupu. Kwangu mimi ulikuwa mjadala wa hesabu ulio wa kweli kuliko wote tuliopata kuwa nao hadharani, na ningependa ungefundishwa shuleni.

Turudi Marikiti, kwa mchuuzi wa vitunguu, kwa kuwa hapo ndipo kosa la kusahau uzani linapoua biashara kila wiki. Jumatatu amenunua gunia moja kwa shilingi 3,000. Alhamisi bei imepanda, amenunua manne kwa 5,000 kila moja. Anajiambia: 3,000 na 5,000, katikati ni 4,000, nikiuza 4,500 nimepata faida ya 500 kwa gunia. Anauza yote matano, anashukuru, na jioni pesa hazitoshi. Alitumia 23,000. Gunia lake lilimgharimu wastani wa 4,600. Kwa kila gunia alilouza amepoteza 100, na yeye akidhani amepata faida ya 2,500 kumbe ameingia hasara ya 500. Ukiongeza kwamba gunia lenyewe huenda lilikuwa lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi, alipouziwa mwenziwe na la kawaida alipouziwa yeye, utaona kwa nini kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Bila uzito unaojulikana hakuna wastani wa kuaminika, kuna kubahatisha tu.

Basi nakuomba jambo moja, msomaji. Andika matumizi ya nyumba yako kwa mwezi mmoja, kila shilingi mahali pake. Tuseme utakuta chakula ni 60 katika kila 100, kodi na maji 20, nauli 10, mengineyo 10. Tuseme tena mwaka huu chakula kimepanda asilimia 10, nyumba 4, usafiri 5, mengineyo 2. Kwa uzani wa taifa, 33, 15, 10 na 42 iliyobaki, maisha yamepanda asilimia 5.24. Kwa uzani wa nyumba yako yamepanda 7.5. Zote mbili ni hesabu sahihi. Ukienda kuzungumza na mwajiri wako juu ya nyongeza, nenda na ile ya daftari lako.